Buate vitesi haifi siku moja

Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Uvira



Bwana Prezida aliniomba niseme kidogo juu ya gari letu. Nashukuru. Mimi si mekanisye. Nilisoma chuo kikuu, nafanya kazi ya shirika, na njia ya Uvira mpaka Baraka nimeipita mara nyingi hata sihesabu tena. Haya nitakayosema nimeyajua kwa kukaa chini ya gari pamoja na mafundi, na mengine kwa kuumia.

Tuanze na majina, sababu hata majina yanatuchanganya. Siye tuliokulia Nyarugusu na Lugufu tunasema giaboksi na klachi, kama Watanzania. Ndugu zetu waliobakia huku wanasema buate vitesi na ambreyaje. Ni vitu vile vile. Injini inatoa nguvu. Ambreyaje inaikata ao inaiunga. Buate inabadilisha mwendo: ukipanda mlima inapunguza mbio na kuongeza nguvu. Halafu shafti inapeleka nguvu ile kwenye difu, na difu inazungusha magurudumu ya nyuma. Ndani ya buate ni meno ya chuma yanayosagana mchana kutwa. Kitu kinachoyazuia yasilane ni mafuta tu.

Najua maneno yanayotembea kati yetu. Buate ya Hiace yetu imekufa, na wengine wanasema shofere ailipe kwa mushahara wake. Kabla hatujaamua, acheni niwaambie yangu.

Ilikuwa musimu wa mvua, ziwa limepanda mpaka barabarani, munakumbuka namna Tanganyika ilivyotufanya miaka ile baada ya Mulongwe kufurika Aprili 2020. Tulikuwa tunaelekea kusini na gari la kazi. Tulipofika penye maji shofere akasema: "Chef, tungoje gari lipoe kwanza, na tukivuka tuangalie mafuta." Mimi nilikuwa na mkutano. Nikamwambia tuende. Maji yalifika katikati ya magurudumu. Tukavuka, nikamcheka.

Wiki tatu baadaye vitesi ya tatu ikaanza kuruka yenyewe. Kisha mlio. Kisha tukalala njiani. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na kweli siku ile Baraka hatukufika. Fundi alipofungua buate, mafuta yalitoka meupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa ndani siku zote zile.

Ripoti niliandika mimi. Niliandika: kosa la shofere. Akakatwa mushahara wa mwezi. Mpaka leo tukikutana sokoni ananisalimia vizuri, anauliza watoto, na hiyo njo inaniuma. Musamaha nilikwenda kumwomba, lakini nilichelewa sana.

Sasa, maji yanaingiaje? Buate ikiwa moto, hewa ya ndani imetanuka. Ukiiingiza gafla kwenye maji baridi, hewa inajikunja na kuvuta. Inavuta maji kwa tundu la kupumulia, ao kwa sili zilizochoka. Difu nayo ni vile vile. Kwa hiyo, kama unaweza, ngoja kwanza ipoe. Na ukivuka maji marefu, angalia mafuta siku ile ile. Yakiwa meupe, fanya vidanje mara moja, tembea kidogo, halafu mwaga tena na utie mapya, sababu vidanje moja haitoi maji yote.

Kuangalia si kazi ya ajabu. Simamisha gari mahali pa tambarare, zima injini. Pembeni ya buate kuna buloni ya kujazia. Ifungue, ingiza kidole: mafuta yanatakiwa kufika kwenye mdomo wa tundu. Na tafadhali, ukitaka kufanya vidanje, fungua kwanza ile ya kujazia ndipo ufungue ya chini. Kuna watu walimwaga mafuta yote, kisha buloni ya juu ikakataa kufunguka. Gari likabaki pale pale.

Buloni ya chini mara nyingi ina sumaku. Ukikuta uji mweusi laini, usiogope, ni kuchakaa kwa kawaida. Ukikuta vipande vya chuma, usiondoke garaje.

Mafuta yenyewe yasiwe ya kidumu chochote kile. Buate nyingi za manuali zinataka 75W-90, lakini soma kitabu cha gari. Kwa wenye taksi za otomatiki, mafuta yenu ni mengine kabisa, usichanganye. Na otomatiki ikikufia, usiivute kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yako chini, utaiua moja kwa moja.

Tena, kabla ya kulaumu buate, tupime. Kama vitesi inakataa kuingia injini ikiwa inawaka, lakini ukizima inaingia vizuri, angalia kwanza ambreyaje na mafuta yake. Kama mlio unakuja unapokanyaga ambreyaje, mara nyingi ni biringi ya ambreyaje. Kama unasikika gari likiwa nyutro na unaisha ukikanyaga, hapo shuku buate. Vitesi ikiruka yenyewe, usiendelee na safari za Mboko kama vile hakuna kitu. Na mashofere, mguu usipumzike juu ya pedali. Inakula ambreyaje.

Basi, kuhusu Hiace yetu. Naomba mambo matatu. Kwanza, buate ifunguliwe mbele ya komite na mbele ya shofere, mafuta yake yaonwe na wote. Pili, tufungue daftari la mutunza feza. Tutafute siku ya mwisho tuliyotoa franga za vidanje ya buate. Si ya injini, ya buate. Kama shofere aliomba na tukamwambia "ngoja mwezi ujao", tujue nani atalipa. Tatu, toka leo gari liwe na daftari lake: tarehe, kilomita, maji tuliyovuka, mafuta tuliyoangalia. Na shofere akisema maji haya sivuki, hata kama ndani kuna mukubwa mwenye mkutano, neno lake lipite.

Gari lile tulilichangia kidogo kidogo, wengine kwa kuuza ndagala, wengine kwa muhogo. Njo linalobeba wagonjwa wetu usiku. Buate tutapata nyingine, hata kama itatuumiza. Lakini muntu tukimuhukumu bure, hiyo haiuzwi dukani.