Nani Awezaye Kuihesabu Sataranji?

Wako vijana katika makanisa yetu waliomaliza masomo, na hata leo hawajachagua kazi wala chuo, kwa kuwa wataka kwanza kuuona mwisho wa kila njia. Kwa ajili yao, asubuhi hii twaweka mezani ubao wa sataranji. Jina hilo Waswahili walilipata kwa Waarabu, nao kwa Waajemi, na asili yake ni Bara Hindi.

Ubao una vyumba 64, na kila mchezaji ana kete 16. Anayeanza ana hatua 20 tu za kuchagua. Askari wake wanane, kila mmoja aweza kwenda chumba kimoja au viwili, hizo ni 16. Na farasi wake wawili wana njia mbili mbili, hizo ni 4. Kete nyingine zote zimezibwa na askari. Ishirini si nyingi, hata mtoto atazihesabu. Lakini mwenzake naye ana 20 za kujibu, basi zimekuwa 400. Wa kwanza akicheza tena, njia ni 8,902. Wa pili akijibu, ni 197,281. Kila mmoja amecheza mara mbili tu, na chai haijapoa!

Mwaka 1950 Claude Shannon, mtaalamu wa Marekani, alikadiria njia za mchezo mzima ambao kila mmoja amecheza mara 40. Alipata moja yenye sifuri 120 nyuma yake. Kweli, njia nyingi hukutana: ukitangulia farasi kisha askari, au askari kisha farasi, kete huishia palepale. Kwa hiyo mipango ya kete ubaoni ni michache kuliko njia. Hata hivyo John Tromp, mwaka 2021, aliikadiria kuwa namba yenye tarakimu 45.

Drafti imekwisha kumalizwa. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Kanada walitangaza kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Sataranji bado. Zikibaki kete saba au pungufu, wafalme wakiwemo, mwisho wajulikana. Ubao ukiwa umejaa, haujulikani.

Basi wanaoicheza hufanyaje? Mwaka 1997, mjini New York, mashine iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa Garry Kasparov. Ilipima mipango kama milioni 200 kwa sekunde moja, nayo haikuuona mwisho. Ilitazama hatua kadhaa mbele, ikakadiria iliyo bora, ikachagua. Kasparov, kwa kichwa chake, alipima michache mno, naye akachagua. Kando ya ubao palikuwa na saa, kwa maana katika mashindano mchezaji hupewa muda wake, na ukimwishia hali angali akifikiri, ameshindwa, hata kama kete zake zimekaa vizuri kuliko za mwenzake.