Hotuba: Kamba ya Katani na Ujira wa Kibarua



Nimepewa nafasi niseme maneno machache juu ya ujira. Watu wengi hudhani ya kuwa ujira hukatwa na msimamizi wa shamba peke yake. Sivyo. Mara nyingi huamuliwa ng'ambo, na watu wasiotujua wala sisi hatuwajui.

Tutazame mkonge. Bwana Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Katika hiyo yakatoka mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro. Jani hukatwa, hupitishwa katika korona, singa zake huanikwa, hupigwa brashi, hufungwa marobota, kisha hupakiwa melini. Huko Ulaya na Marekani zilisokotwa kamba, na wakulima wakafungia mavuno yao. Basi mkulima yule asiponunua kamba, mkata mkonge wa Tanga hukosa kazi.

Mwaka 1942 Wajapani waliteka Ufilipino na Java, na katani ya huko ikakatika. Ya Tanganyika ikatakiwa sana, hata serikali ikatwaa watu kwa amri wakaikate. Mwaka 1944 ikaanzishwa Silabu, ikawakusanya manamba kutoka nchi za mbali kama Kigoma na Njombe, na mashamba ya kwao wakaachiwa wanawake na wazee.

Kisha ikatokea kamba ya plastiki. Tangu mwaka 1964 bei ya katani ilianguka. Mwaka ule Tanganyika ilitoa kadiri ya tani 230,000. Miaka ya mwisho ya 1990 hazikufika 40,000. Maelfu wakaachishwa kazi. Je, walikuwa wavivu? La, hasha. Nguvu za mikono yao hazikupungua. Kilichopungua ni haja ya mnunuzi.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa hiyo nasema mambo matatu. Kwanza, aendaye kutafuta ujira asiliache shamba lake la chakula kuwa pori. Pili, tuzisokote singa hapa hapa, maana kila kazi ifanywayo hapa ni ujira unaobaki hapa. Tatu, waalimu wawafundishe watoto kuuliza: mali hii yaenda wapi, nani aitumia, na akiiacha tutakula nini?

Ndugu zangu, ajuaye njia ya mali yake hashtukizwi na bei.