Maili: Kipimo Kilichoikata Pwani

Ukipanda basi la Morogoro kutoka Dar es Salaam, mkifika Kibaha utamsikia konda akiita, "Maili Moja, wa kushuka!" Abiria wanashusha mizigo, safari inaendelea. Vibao vya barabarani vinahesabu kilomita siku nyingi sasa, lakini jina limebaki. Neno hili maili tulilichukua kwa Waingereza, na katika pwani hii limefanya mengi zaidi ya kupima mwendo.

Waingereza nao walilirithi kutoka kwa Warumi, ambao kwao lilitokana na elfu: hatua 1,000 za askari, kila hatua ikihesabiwa mguu uleule unapokanyaga tena. Mwaka 1593 bunge la Uingereza likaamua kwamba maili ya nchi kavu ni futi 5,280, yaani kama mita 1,609. Mabaharia wana maili yao, mita 1,852. Hiyo ya mabaharia ndiyo iliyoikata pwani yetu.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, aachiwe ukanda wa maili 10 tu za baharini kuingia bara, kuanzia ghuba ya Tunghi kule kusini mpaka Kipini. Bara nyuma ya ukanda huo wakagawana wenyewe. Maili 10 hizo ni kilomita 18 na nusu. Hebu piga hesabu nami: Kisarawe mjini ni zaidi ya kilomita 20 kutoka baharini, na Kibaha pia. Kwa hiyo Mzaramo wa vilima vya Kisarawe, aliyezoea kushusha sandarusi pwani na kurudi na nguo, aliwekwa katika eneo la Mjerumani; nduguye wa Dar es Salaam akahesabiwa kuwa wa Sultani. Watu wa ukoo mmoja! Na mezani hapakuwa na pazi, yaani mkuu, hata mmoja wa Uzaramo. Mimi jambo hilo linaniuma kila ninapoitazama ramani ya makubaliano yale, maana kwa kipimo cha bahari walipimwa watu wasioulizwa wanaishi wapi.

Upande wetu mstari ule haukudumu. Mwaka 1890 Wajerumani walimlipa Sultani marki milioni 4, na pwani ikawa yao moja kwa moja. Kenya ndiko ulikodumu: Mombasa na Lamu, kwa jina, zilibaki za Sultani mpaka 1963.

Wajerumani hawakuwa watu wa maili. Reli waliyoanza kuijenga mwaka 1905 kutoka Dar es Salaam, ikapita Soga na Ruvu na kufika Morogoro 1907, ina upana wa mita moja kamili. Reli ya TAZARA, inayokatiza wilaya ya Kisarawe, ikaja baadaye na upana wa futi 3 na inchi 6.

Lakini kuna mahali ambapo neno hili liligeuka ardhi yenyewe. Ni Buganda. Mkataba wa 1900 na Waingereza ulimpa Kabaka, mfalme wa Buganda, maili 350 za mraba, na machifu pamoja na wamiliki wengine wapatao 1,000 wakatengewa maili 8,000. Waganda wakaanza kuiita ardhi ya namna hiyo mailo, na Katiba ya Uganda ya 1995 inaitambua kwa jina hilohilo. Mkulima aliyekuta babu zake wakilima pale akawa mkaaji kwenye mali ya mwingine, na kesi za mwenye mailo na mwenye kibanja, yaani mkaaji huyo, zinaendelea mahakamani hadi leo.

Huku kwetu umilikaji wa moja kwa moja wa ardhi ulifutwa mwaka 1963. Anayetafuta shamba Kisarawe leo anatajiwa ekari, kipimo kingine cha Waingereza. Ekari 640 ndiyo maili moja ya mraba.