Tuilinde Mahakama Hata Siku Tuliyoshindwa Kesi

Mwenyekiti wa muungano, waheshimiwa majaji na mahakimu, viongozi wa asasi zilizokusanyika hapa, mawakili, wajumbe wa Kamati za Watumiaji wa Mahakama kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi, wazee wetu, wanahabari, mabibi na mabwana.

Barua yenu iliniomba nizungumzie mchango wa asasi za kiraia katika kulinda uhuru wa Mahakama. Nitauzungumzia, maana ni mkubwa na haujasimuliwa inavyostahili. Baadaye mtaniwia radhi, kwa sababu nitagusa na jambo ambalo wageni rasmi hupenda kulipita kando.

Vijana mliomo ukumbini hamkuiona Mahakama tuliyoikuta sisi. Mwaka 1988 Bunge lilibadilisha Katiba na kuwaondolea majaji wa Kenya ulinzi wa kazi yao, Rais akawa anaweza kumfuta jaji apendavyo. Ulinzi huo ulirudishwa 1990, lakini woga ulibaki. Nilipokuwa hakimu, simu ya mezani ililia nyumbani jioni ya kuamkia siku ya uamuzi. Mpigaji alikuwa mkubwa wa mahali fulani, na hakutaja kesi hata mara moja. Alinisalimu vizuri, akauliza hali ya watoto na shule wanayosoma. Kisha akasema, “Mheshimiwa, nasikia kuna uhamisho unakuja. Tunaomba Mungu usipelekwe mbali na familia.” Akaniaga kwa adabu.

Niambieni, mawakili, mtu huyo mngemshtaki kwa kosa gani? Hakuna neno alilosema ambalo lingesimama mahakamani. Lakini usiku ule hakimu halali, na asubuhi anapopanda kitini, simu ile anapanda nayo. Hakimu wa zama zile hakuwa na pa kulisema jambo hilo. Akienda kwa mkubwa wake, huenda ndiye aliyetoa namba yake. Ndiyo maana nawapenda watu wa miungano kama huu: mmempa hakimu mahali pa kupeleka neno lake, na mmempa mwananchi jicho ndani ya korti.

Januari 2011 Katiba mpya ilikuwa na miezi mitano tu. Rais Mwai Kibaki alitangaza jina la Jaji Mkuu mpya bila kupitia Tume ya Huduma za Mahakama. Mashirika ya kutetea haki, yakiwamo ya wanawake, hayakungoja. Yaliungana yakaenda Mahakama Kuu, na Februari mwaka huo Jaji Daniel Musinga akaamua kwamba uteuzi ule ulikwenda kinyume cha Katiba. Kabla mwezi haujaisha, Rais aliliondoa jina alilokuwa amelipendekeza. Nawaomba mlikumbuke jambo moja katika kesi ile. Aliyeteuliwa alikuwa jaji mwenye uzoefu wake na heshima yake. Kilichopingwa ni njia aliyopitishwa. Tume ikatangaza nafasi, watu wakaomba, wakahojiwa hadharani huku Wakenya wakitazama kwenye runinga, na Juni tukampata Dkt. Willy Mutunga, mtu aliyewahi kuwekwa kizuizini kwa misimamo yake. Mimi niliyatazama mahojiano yale hadi usiku. Sikuwahi kudhani ningeishi kumwona mtu anayetaka kuwa Jaji Mkuu akiulizwa maswali magumu mbele ya mama anayekaanga mahamri jikoni kwake.

Ushindi wa pili ulikuwa mchungu kwa sababu ulichelewa. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majaji 41: 11 wa Mahakama ya Rufaa, 20 wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na 10 wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Rais Uhuru Kenyatta hakuwaapisha. Mahakama Kuu ilimwagiza mwaka 2020, naye hakufanya hivyo. Juni 2021 aliwaapisha 34 na kuwaacha sita. Mmoja wa wale 41 alikuwa tayari amefariki dunia akingoja. Sita wale waliapishwa Septemba 2022, baada ya serikali kubadilika.

Huko Nairobi hayo yalizungumzwa kama mvutano wa wakubwa. Hapa Pwani yalikuwa mambo ya ardhi, maana kati ya wale 41 karibu nusu walikuwa majaji wa ardhi. Miaka ile mngekwenda asubuhi kwenye korti yoyote ya ukanda huu mkakaa kwenye benchi la nyuma, mngemwona mzee ameshika bahasha ya kaki iliyolainika kwenye pembe. Ndani yake mna barua ya chifu, risiti, na ramani iliyokunjwa mpaka mistari imefutika. Karani anasoma orodha, jina lake linaitwa, anasimama. Anaambiwa hakuna jaji wa kuisikiliza kesi leo, arudi baada ya miezi. Anauliza tarehe, anaomba iandikwe juu ya bahasha, maana yeye hasomi. Nyuma ya tarehe hiyo kulikuwa na jaji aliyesubiri kuapishwa. Walioikataa hali hiyo, shirika la Katiba Institute na mawakili mbalimbali wakiwamo, walikuwa wakimpigania mzee huyo hata kama hawakumjua.

Na kuna siku mahakama ilihitaji kulindwa kimwili. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa Rais. Oktoba 24 dereva wa Naibu Jaji Mkuu alipigwa risasi na kujeruhiwa. Kesho yake, palipokuwa na ombi la dharura kuhusu uchaguzi wa marudio, majaji wawili tu ndio waliofika, na sheria ilitaka watano. Kesi haikusikizwa. Sitawasemea majaji ambao hawakufika. Nasema tu kwamba nchi iliyofikia hapo haina haki ya kumshangaa hakimu wa wilayani anayeogopa simu.

Sasa jambo lile nililowaomba radhi kwalo.

Mwaka ule ule wa 2017, waliomwita Maraga shujaa mwezi wa Septemba waliitusi mahakama yake mwezi wa Novemba, ilipoukubali uchaguzi wa marudio. Wengine wakafanya kinyume. Wanasiasa ndivyo walivyo, siwashangai. Lakini nilisikia lugha hiyo hiyo ndani ya asasi zetu, na hapo niliumia. Muungano unaotetea mahakama siku iliyoupa ushindi pekee ni chama cha mashabiki. Jaji akiamua dhidi yenu, kateni rufaa, andikeni makala, ikosoeni hoja yake mstari kwa mstari. Msimwite msaliti, na mtu mwingine akimwita hivyo, mnyamazisheni.

La pili ni zito zaidi. Baadhi ya mashirika yetu yanafungua kesi za umma mbele ya majaji na pia yanagharimia warsha za majaji hao hao katika hoteli za ufuo huu. Sisemi kuna aliyenunuliwa. Nasema mtu wa upande wa pili, akiona jaji wake na mdai wake katika picha moja wakila chakula cha mchana, ataondoka na neno moyoni, na atakuwa na sababu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Tangazeni hadharani fedha zenu zinatoka wapi, na shirika lenye kesi mbele ya jaji lisimlipie jaji huyo hata chai.

Rushwa nayo msiifunike kwa blanketi la uhuru. Mwananchi anayeombwa “kitu kidogo” ili faili lake lionekane haoni tofauti kati ya karani na Katiba. Mkikaa kimya juu ya karani huyo, siku mwanasiasa atakapowashambulia majaji wote kwa jumla, mwananchi atampigia makofi.

Ombi langu kwenu ni dogo na linagharimu kidogo. Msijazane Mahakama ya Juu peke yake wakati wa uchaguzi. Wekeni watu wenu kwenye benchi la nyuma la korti za mahakimu, za makadhi, na za ardhi, mwaka mzima, na daftari mkononi: kesi imeahirishwa mara ngapi, kwa sababu gani, nani hakufika. Pelekeni daftari hizo kwenye Kamati ya Watumiaji wa Mahakama ya kila eneo, ambayo sheria imeiweka hapo kwa kazi hiyo. Na majina ya watu wanaowania ujaji yakitangazwa, pelekeni maoni yenu kwa Tume kabla ya mahojiano, ya sifa na ya lawama, yakiwa na ushahidi.

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba mkutano huu umefunguliwa rasmi.