Shukrani Kwanza, Ndipo Maazimio



Mwaka umefika ukingoni. Siku hizi wengi wetu huandika malengo: kumaliza nyumba, kulipa karo, kuacha ulevi, kufunga ndoa kanisani baada ya kuishi pamoja miaka mingi. Malengo hayo ni mema. Lakini kabla ya kumwambia Mungu tunayoyataka mwaka ujao, je, tumemshukuru kwa mwaka huu aliokwisha kutujalia?

Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 7, kinatusimulia jinsi Waisraeli walivyowashinda Wafilisti. Ndipo Samweli alipotwaa jiwe, akalisimamisha na kuliita Ebenezeri, yaani jiwe la msaada, ili watu watambue kwamba hadi pale Bwana ndiye aliyewasaidia. Basi, jina hilohilo tunalikuta pia katika sura ya 4. Ndipo Waisraeli walipopiga kambi kabla ya kushindwa vibaya, hata Sanduku la Agano likatekwa. Jiwe la shukrani lilibeba jina lililokuwa la machozi.

Twalisema hili kwa ajili yenu ambao mwaka huu mmelia. Mwishoni mwa mwaka mmoja tuliketi na jumuiya ndogo ndogo kupanga kazi za mwaka uliofuata. Tulimwomba kila mmoja atoe kwanza neno la shukrani. Zamu ikamfikia mama mmoja aliyemzika mumewe mwezi wa Agosti. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: “Baba Paroko, kwa kifo kile siwezi kushukuru, nitakuwa namdanganya Mungu. Ila nawashukuru walionichotea maji wakati wa matanga. Walipoacha kuja, ndipo nilipojua uzito wa ndoo.”

Sote tuliinamisha vichwa. Katika maneno yale mlikuwa na shukrani ya kweli, na pia lawama ya haki, ambayo sisi wachungaji nasi ilitugusa. Lengo letu la kwanza lilikuwa kununua sare mpya za kwaya. Tuliliweka kando. Jumuiya ikaazimia kwamba mfiwa asiachwe peke yake matanga yakishaanuliwa, bali atembelewe kila juma. Azimio hilo halikutoka katika daftari letu. Lilizaliwa na shukrani ya mjane.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichochapishwa mwaka 1548, alitaja hatua 5 za kuchunguza dhamiri. Ya kwanza ni kumshukuru Mungu kwa mema tuliyopokea. Hufuata kuomba neema ya kuzijua dhambi zetu, kujihesabia matendo yetu, na kuomba msamaha. Kuazimia kujirekebisha ni hatua ya mwisho. Mpangilio huo una hekima. Anayeanza na maazimio hutegemea nguvu zake, na akianguka mwezi wa Februari hukata tamaa. Anayeanza na shukrani amekwisha kujua ni nani aliyemshika mkono hadi hapa.

Kwa hiyo, usiku wa tarehe 31 Desemba, Kanisa linapomwimbia Mungu Te Deum, kila familia na iketi pamoja. Kila mmoja, kuanzia watoto, ataje jema moja alilopokea, na mtu ambaye Mungu alilipitisha kwake. Mwenye uchungu autaje pia, wala asilazimishwe kuuita furaha. Kisha muandike azimio moja tu, linalotokana na hayo mliyoyasikia. Nanyi makatekista, wafundisheni wanafunzi wenu utaratibu huu. Ni rahisi, nao utawafaa maisha yao yote.

Na kama kuna mtu aliyewachotea maji mwaka huu, msingoje mwaka mpya. Nendeni leo mkamwambie asante.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.