Masjala Isiyohama



Aghalabu mtu aalikwapo kunena juu ya mitambo ya mawasiliano hutazamiwa aanze na miji mikubwa, ambako umeme haukatiki mara kwa mara na kila meza ina kompyuta yake. Lakini mimi naomba ruhusa ya kuanza na Sibwesa, kata ya wilaya ya Tanganyika katika mkoa wa Katavi, kwa sababu nasadiki kwamba chombo cha kazi kikishindwa kumfaa mtumishi wa Sibwesa, kufaa kwake huko Dodoma ni bahati ya mahali, na bahati ya mahali si sifa ya chombo.

Maudhui yangu ni jukwaa la ndani la kazi, yaani ule mtandao wa ofisi usiofunguliwa na mtu wa nje, ambamo watumishi huandikiana, huweka nyaraka zao, hugawana majukumu na kusoma maamuzi ya wakubwa wao. Swali langu ni moja: ni jambo gani linalofanya jukwaa la namna hiyo liendelee kuwa na faida katika mwaka wake wa tano, wakati semina za uzinduzi zimekwisha, posho zake zimesahauliwa, na yule mkuu aliyelitia saini amekwisha kupelekwa wizara nyingine?

Sibwesa haiko mbali na Mpanda, mji mkuu wa mkoa, kwa hesabu ya ramani, lakini masika yakishika nchi hesabu hiyo hubadilika. Mkoa wenyewe ni mchanga, umemegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Halmashauri ya wilaya, ambayo hapo zamani iliitwa ya Mpanda, ina makao yake Majalila. Katika kata kama hii Serikali ni watu wachache wanaojulikana kwa nyuso: mtendaji wa kata na watendaji wa vijiji, walimu wakuu, mganga mfawidhi wa zahanati, afisa ugani anayewahimiza wakulima wa mahindi na pamba. Wengi wao wametoka mbali, na si siri kwamba katika maeneo ya pembezoni mtumishi mgeni huanza kuandika barua ya kuomba uhamisho kabla hajamaliza kujua njia za vijiji vyake. Simlaumu. Nasema tu kwamba anapoondoka huondoka na kitu kisichoorodheshwa katika mali ya ofisi.

Tuchukue mfano wa pampu ya kisima cha kijiji iliyoharibika. Mtumishi aliyekuwapo ilipofungwa anajua ilinunuliwa kwa nani, dhamana yake inakwisha lini, fundi yupi aliwahi kuitengeneza na kwa nini mkutano wa kijiji ulikataa kuchimba mahali pa kwanza palipopendekezwa. Mrithi wake hana habari hata moja ya hizo. Ataandika barua kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, kuuliza mambo ambayo ofisi yake ilipata kuyajua, atasubiri, na asaa atalipia mara ya pili uchunguzi uliokwisha kulipiwa, ilhali wananchi wanateka maji mtoni. Hapana mwizi hapa, wala mzembe. Pana ofisi iliyosahau, na kusahau kwa ofisi kuna gharama kama wizi.

Jambo hili halikuanza kwetu, wala si aibu ya nchi maskini peke yake. Mwezi Machi mwaka 1989, Mwingereza mmoja aitwaye Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo kikubwa cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, aliwaandikia wakubwa wake pendekezo ambalo kisa chake mtendaji wa Sibwesa angelikitambua mara moja: kwamba katika kituo kile watu wengi hukaa takriban miaka miwili tu kisha huondoka, na kila aondokapo mtu, maarifa ya mitambo na miradi huondoka naye, hata wapya wakalazimika kuyatafuta upya kwa taabu na wakati mwingine wasiyapate kabisa. Dawa aliyoipendekeza ni nyaraka zilizounganishwa, ambazo kila moja ingeweza kumwelekeza msomaji kwenye nyingine. Mwaka 1993 CERN ikaitoa kazi ile bure kwa walimwengu wote, nasi leo tunaitumia kununulia viatu na kutazamia mpira. Lakini asili yake ni masikitiko ya ofisi moja iliyochoka kuhamwa na watu wake. Mtandao mkubwa wa dunia nzima, kwa nia yake ya kwanza, ulikuwa jukwaa la ndani la kazi.

Nalitaja hilo ili nipate kipimo. Wauzaji wa majukwaa hupima mafanikio kwa idadi ya wanaoingia kila siku, na kwa wingi wa ujumbe unaotumwa. Vipimo hivyo vinaonyesha shughuli tu, na shughuli si thamani, kwa maana soko lenye ugomvi nalo lina shughuli nyingi. Kipimo ninachokiamini ni mtumishi mgeni katika siku zake za mwanzo: je, akiketi mezani pa aliyehama, aweza kujua nini kiliamuliwa, na nani, na kwa sababu gani, bila kumpigia simu mtu aliye mkoa mwingine? Akiweza, jukwaa lina thamani. Asipoweza, tumenunua barua za haraka.

Nchi hii haikuhitaji kusubiri kompyuta ili ijue namna ya kumhudumia mgeni huyo, kwa kuwa ilikuwa na masjala. Vijana wengi huidhania masjala kuwa chumba cha vumbi mwishoni mwa ujia, chenye karani mkali na chai iliyopoa. Na baadhi ya masjala, nakiri, zimejitahidi sana kuithibitisha dhana hiyo. Lakini itazameni kazi yake kwa insafu. Barua iliingia, ikagongwa muhuri wa tarehe, ikaandikwa katika rejesta, ikapewa namba ya folio, ikafungwa katika faili la mada yake na si la mtu aliyeipokea. Faili likapelekwa kwa afisa anayehusika, na mwendo wake ukaandikwa, hata ikajulikana liko meza ya nani. Afisa hakujibu kwa kichwa tu: aliandika dokezo kwa mkubwa wake, akieleza jambo, akitaja folio zilizotangulia, akipendekeza, na mkubwa akaandika chini yake akikubali au akikataa, pamoja na saini na tarehe. Jambo lisiloiva liliwekewa siku ya kuletwa tena. Faili likinenepa lilifungwa na jingine la mfuatano likafunguliwa. La siri lilikaa masjala ya siri, la wazi likakaa masjala ya wazi. Mtu aliyelisoma faili kama hilo toka folio ya kwanza hadi ya mwisho aliisikia ofisi ikifikiri.

Katika hayo yote, kilicho adhimu zaidi machoni pangu ni kwamba sababu ya uamuzi ilikaa pamoja na uamuzi wenyewe. Majukwaa yetu ya leo huhifadhi matokeo vizuri sana: waraka wa mwisho, bajeti iliyopitishwa, picha ya uzinduzi. Mabishano yaliyozaa matokeo hayo, ambayo ndiyo mrithi atakayoyahitaji siku mambo yatakapoharibika, hupotea katika mazungumzo ya simu na makundi ya WhatsApp.

Hapo nimefika kwenye jukwaa ambalo kata nyingi hulitumia kwa kweli, wala hapana haja ya kujidanganya. Agizo la halmashauri, tangazo la kikao, picha ya daraja lililobebwa na maji, orodha ya wanafunzi, vyote hupita katika kundi la WhatsApp, baina ya salamu za asubuhi na rambirambi. Nisingependa kulidharau kundi hilo, maana lina fadhila ambazo mifumo rasmi imeshindwa kuzipata: linafunguka kwa mtandao dhaifu, linaeleweka bila semina, na mkubwa mwenyewe yumo na hujibu. Ila kasoro zake ni tatu na zote ni nzito. Simu ikipotea bila nakala ya akiba, kumbukumbu imepotea. Mtumishi akihama hutolewa kundini, na anayekuja kwa kawaida huanza kusoma tangu siku aliyoingizwa, kana kwamba ofisi ilizaliwa siku hiyo. Tena taarifa za watu, pengine hata ukurasa wa daftari la MTUHA, lile la taarifa za huduma za afya, wenye majina ya wagonjwa, huishia katika simu za watu binafsi, jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haiwezi kulitazama kwa furaha.

Serikali nayo haikulala. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi mwaka 2012, na kwa sheria ya mwaka 2019 ikafanywa mamlaka kamili. Ikaja barua pepe ya Serikali, ikaja Ofisi Mtandao ya kusogeza majalada bila karatasi. Mwaka 2017 halmashauri zilipata PlanRep mpya ya kupangia bajeti, na vituo vya huduma vikapata FFARS ya kutunzia hesabu, hasa kwa vile zahanati zilianza kupelekewa fedha moja kwa moja katika akaunti zao. Kila mfumo ulikuwa na hoja yake. Hata hivyo mganga mfawidhi mmoja, ambaye huenda ndiye pia anayezalisha akina mama usiku, hujikuta ana maneno ya siri manne au matano ya kukumbuka, na idadi ileile ya wagonjwa anaiandika katika kitabu cha karatasi, kisha katika mfumo, kisha anaipiga picha kwa ajili ya kundi. Jukwaa linalomwongezea mahali pa nne pa kuandika litakufa, hata likipambwa namna gani; linaloondoa mahali pamoja litapendwa bila kuhubiriwa.

Naomba niseme neno kidogo juu ya reli, maana nayo yaonyesha kwa nini chombo hudumu. Tawi la kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita zipatazo 210, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa karibu na wakati wa Uhuru, na aliyeijenga reli kwa hesabu ya risasi angeliweza kusema fedha imetupwa. Reli ikabaki, kwa sababu watu wa Mpanda walikuwa na mizigo yao wenyewe: mahindi, safari za wagonjwa, watoto waendao shule Tabora. Basi na jukwaa la kazi, lijengwalo kwa haja ya wizara peke yake, hudumu muda wa haja hiyo ya wizara. Likidumu zaidi, ni kwa kuwa watu wa chini walipata mzigo wao wa kupakia. Mtendaji wa kijiji akikuta humo mihutasari ya vikao vyake vya nyuma, mpango wa matumizi ya ardhi, na jibu la barua aliyoipeleka Majalila, ataingia kesho pasipo kulazimishwa.

Kwa upande wa utekelezaji, mambo mengine ni ya kawaida nami nitayapita upesi: mfumo ufanye kazi hata mtandao ukikatika, kisha upeleke kazi urudipo, usile bando la mtumishi, na uwe kwa Kiswahili, kwa maana Serikali iliagiza tangu mwaka 1967 kwamba shughuli zake ziendeshwe kwa lugha hii, na ni ajabu kumwona afisa akiandika taarifa kwa Kiswahili ndani ya vibonyezo vya Kiingereza. Jambo lisilo la kawaida, ambalo hukataliwa kila ninapolitaja, ni kwamba jukwaa linahitaji karani. Watu husema kompyuta hutafuta yenyewe. Hutafuta, naam, lakini hutafuta kilichopewa jina, na sote tumewahi kukutana na waraka uitwao “taarifa mpya ya mwisho kabisa 2”. Pawe na mtu katika halmashauri, mwenye mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu kama yale yatolewayo na Chuo cha Utumishi wa Umma, ambaye kazi yake ni kushika orodha ya mada, kuyafunga majalada yaliyokwisha, na kuondoa yasiyostahili kukaa kwa kufuata Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002. Mshahara wake ni mdogo kuliko leseni za programu nyingi, na akikosekana leseni hizo ni hasara tupu.

Kadhalika wakubwa. Mkurugenzi anayeuliza jambo kundini hujibiwa kundini. Akiuliza ndani ya jalada, wilaya nzima itajifunza kufungua jalada. Waraka wa kuhimiza matumizi hauna nguvu ya mazoea hayo, hata ukitiwa mihuri mitatu.

Limebaki suala la makabidhiano, na hili katika pembezoni ni gumu kuliko linavyoandikwa katika miongozo. Mwongozo hudhani kwamba anayeondoka atakutana na anayekuja, wakaketi pamoja na kutia saini. Mara nyingi anayeondoka haachi mrithi. Meza hukaa tupu kwa miezi, na funguo hukaa kwa jirani. Jukwaa ndilo linalopaswa kupokea makabidhiano hayo, lakini kwa jinsi majukwaa mengi yanavyopangwa, nyaraka hukaa katika akaunti ya mtu, na siku anapohama akaunti hufungwa kwa usalama, nazo nyaraka zikafungwa pamoja nayo. Kwa hiyo shauri langu kwa halmashauri yoyote inayokusudia kuanza ni kwamba mtu aingie kwa jina lake, ili ijulikane nani kafanya nini, bali majalada yote yawe mali ya cheo: ya Mtendaji wa Kata ya Sibwesa, ya Mganga Mfawidhi, ya Afisa Ugani, na cheo kikiwa wazi, mkuu wa idara huko Majalila awe na ruhusa ya kuyafungua na kuyajibu mpaka mwenye meza apatikane.