Ndege Wageni Katika Mabwawa Yetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na wa viumbe vyote viendavyo kwa miguu na virukavyo kwa mbawa. Rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.), na aali zake na masahaba zake wote. Amma baad.



Ijumaa hii tumelichagua jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo. Katika miezi hii ya Februari na Machi, mvua zikisha kulijaza bwawa la Hombolo na maji yakatanda katika mbuga za Bahi, hushuka kwetu ndege wasiokuwa wenyeji. Hata mabwawa ya maji machafu ya Swaswa, papo hapo mjini Dodoma, huteremkiwa na ndege wa majini. Miongoni mwa wageni wa nchi yetu wakati huu ni bata mmoja mdogo, ambaye dume lake lina kichwa cha hudhurungi na mstari mweupe unaopita juu ya jicho mpaka kisogoni. Afikapo mwishoni mwa mwaka huwa hatofautiki na jike, wote ni wa rangi ya udongo. Lakini sasa amekwisha kuvaa mstari wake, na mwenye macho ya kutazama atamjua. Huyu hatagi mayai yake hapa. Huyataga katika majani ya vinamasi vya Ulaya na vya Siberia, ambako maji yakiganda kwa baridi hukosa chakula, ndipo akaja kwetu. Na hivi sasa yu karibu kurejea. Mafuta yaliyojaa mwilini mwake ndiyo masurufu yake ya njiani.

Wazungu wenyewe walibishana kwa karne nyingi juu ya mahali ndege wao waendapo wakati wa baridi, na wengine waliamini kwamba hulala chini ya matope. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz huko Ujerumani, aliuawa korongo mweupe akiwa na mshale wa Kiafrika, wenye urefu wa kama sentimita 80, umempenya shingoni. Alikuwa amechomwa katika bara letu, naye akasafiri nao mpaka kwenye nchi ya kiota chake. Korongo hao hawapendi kukata bahari kuu. Wengi wanaokuja upande wetu wa mashariki hupita nchi ya Sham na Palestina, kisha Misri, wakaufuata mto Nile kuja kusini. Korongo yule amehifadhiwa mjini Rostock hata leo, na mshale wake ungali shingoni.

Katika Suratul Mulk, aya ya 19, Mwenyezi Mungu anatutaka tuwatazame ndege walio juu yetu, namna wanavyozikunjua mbawa zao na kuzikunja, na hakuna awazuiaye wasianguke ila Yeye. Na katika Suratul An'am, aya ya 38, tunafahamishwa ya kuwa ndege ni umma kama sisi. Basi kutazama huku ni jambo tuliloelekezwa. Imamu Damiri wa Misri, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 1405, aliandika kitabu kikubwa cha wanyama kwa mpango wa herufi, akichanganya humo sifa zao, habari zao na hukumu zao za fikihi. Mwanafunzi anayeandika katika daftari lake tarehe, bwawa, idadi na alama za ndege aliowaona, huyo amefuata nyayo za wakubwa.

Lakini tunajua kwamba wengi wa vijana waendao mabwawani hawachukui daftari. Wanachukua manati, na wengine, Mungu atuepushie, wanachukua nafaka iliyotiwa sumu. Kisha ndege huuzwa majumbani mwetu.

Sikilizeni hukumu yake. Bata ni halali kuliwa, na kuwinda ni halali kwa masharti yake. Ndege aliyekufa kwa jiwe la manati ni katika waliokufa kwa kupigwa, ambao Suratul Maida, aya ya 3, imewataja pamoja na nyamafu. Hapana Bismillahi imhalalishayo, ila akidirikiwa yu hai na akachinjwa. Aliyekufa kwa sumu ni mzoga, na juu ya hayo ni hatari kwa mlaji. Na sheria ya nchi ya mwaka 2009 ya kuhifadhi wanyamapori haimruhusu mtu kuwinda bila ya kibali.

Mtu atauliza: na kwelekwelea je? Kwelekwelea wakishuka kwa mamilioni juu ya mtama na uwele, mkulima ana haki ya kuilinda riziki yake, na hatumlaumu. Wenzetu wa Kondoa huwatega kwa ajili ya kitoweo, na ategwaye akiwa hai huchinjwa. Lakini mahali palipopita ndege ya serikali ikanyunyiza dawa, kuokota walioanguka chini ni haramu na ni kujitia katika maangamizi. Bata wa Siberia hana kesi hiyo. Hakulivamia shamba la mtama la mtu.

Abu Daud amepokea kwa Abdullahi bin Masud (R.A.) kwamba walipokuwa safarini na Mtume (S.A.W.), baadhi yao walitwaa makinda mawili ya ndege, na mama yao akaja akipapatika. Mtume akauliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa watoto wake, akaamuru warudishiwe. Bata auawaye Hombolo mwezi wa Machi hana makinda wakati huo. Makinda yake yalikuwa yazaliwe mwezi wa Mei au wa Juni, mbali sana na hapa, na hakuna awezaye kumrudishia.

Basi enyi akina baba na akina mama, atakayeletewa bata wa porini mlangoni jioni ya leo, na amwulize muuzaji mambo mawili: amempataje, na ni nani aliyemchinja. Asipopata jibu lililo wazi, asinunue.